Upinde wa Matabaka: Namna ya Kuubuni na Kuusawazisha

Hotuba kwa jamaa Waislamu wa Kasese na Bwera

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Mabwana na mabibi, wazee na vijana wa Kasese na Bwera: jambo la kuzungumzwa leo ni upinde wa mbao unaotengenezwa kwa mikono, nao si ule wa mti mmoja uliochongwa, bali ni ule wa matabaka, yaani fito bapa za mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikaunganishwa kwa gundi hata zikawa kitu kimoja. Huenda mtu akauliza: upinde ni wa nini leo, katika zama za bunduki, na katika wilaya iliyopakana na hifadhi za wanyama huku na huku? Swali hilo ni la haki, nalo litajibiwa kabla ya mwisho wa maneno haya. Lakini kwanza yapasa kazi yenyewe ijulikane, kwa kuwa mtu hawezi kupima thamani ya kitu asichokijua.

Kila aliyesoma habari za masahaba ajua kwamba upinde si kitu kigeni katika mapokeo ya Waislamu. Saad bin Abi Waqqas akumbukwa kuwa ndiye wa kwanza kutupa mshale katika njia ya Mwenyezi Mungu. Uqba bin Amir amepokea, na habari yake imo katika Sahihi ya Muslim, ya kwamba Mtume aliifasiri nguvu iliyotajwa katika aya ya 60 ya Sura ya Al-Anfal kuwa ni kutupa mishale. Na tena katika Sunan za Abu Dawud na za Tirmidhi imo habari nyingine ya Uqba huyo huyo, ya kwamba kwa mshale mmoja watu watatu hupata thawabu: aliyeutengeneza kwa nia njema, aliyeutupa, na aliyempa mtupaji mkononi. Katika hesabu hiyo ametajwa kwanza fundi, wala si mpigaji. Basi si ajabu kwamba wanachuoni wa zamani waliandika vitabu vizima juu ya pinde na mishale. Mmoja wao ni Taybugha, mtu wa dola ya Wamamluki, aliyeandika yapata mwaka wa 1368, naye alieleza kwa urefu namna ya kuushika upinde, kuuvuta na kuuachia mshale.

Katika Afrika ya Mashariki nako upinde una wenyewe, na kila kabila limeubuni kwa kadiri ya nchi yake. Magharibi ya Bwera, ng'ambo ya mto Semliki, katika msitu wa Ituri, wako Waefe, ambao ni hodari wa upinde mfupi. Kwani msituni mtu humwona mnyama kwa karibu, na upinde mrefu hukwama katika matawi. Huko Tanzania, kandokando ya ziwa Eyasi, Wahadzabe hutumia upinde mrefu wenye nguvu, na upote wake, yaani kamba ya upinde, husokotwa kwa kano za wanyama. Na katika nyika ya Tsavo, nchini Kenya, walikuwako Waata, ambao zamani waliitwa Waliangulu. Hao walipiga ndovu kwa mishale ya sumu, na pinde zao zilipopimwa ziligunduliwa nyingine kuwa zahitaji nguvu ya ratili zaidi ya 100, yaani zaidi ya kilo 45, kuvutwa hadi mwisho. Mtu wa kawaida, hata akiwa na misuli ya mchukuzi, hawezi kuuvuta upinde wa namna hiyo pasipo kujizoeza miaka mingi.

Pinde hizo zote ni za mti mmoja. Fundi huzunguka porini hata aone mti ulionyoka, usio na vifundo, akaukata, akaukausha, kisha akauchonga. Hapo ndipo ilipo taabu yake, maana mti wa sifa hizo haupatikani kila mahali, na ukipatikana huenda ukawa katika ardhi ambayo hairuhusiwi kukatwa kitu. Kwa sababu ya uhaba huo mafundi wa nchi nyingi walitafuta hila nyingine. Waarabu wa Hijazi walikuwa na pinde za mti mmoja mzima, na pia pinde za mti uliopasuliwa kwa urefu, nao mti waliousifu mno ni ule uitwao nab, ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa wa jamii ya mkole unaojulikana na watu wa pwani. Waturuki waliunganisha pembe upande wa ndani, mbao katikati, na kano upande wa nje, kisha wakauacha upinde ukauke muda mrefu, pengine mwaka na zaidi, kabla ya kuutumia. Wajapani wakaunganisha mianzi na mbao. Mwaka wa 1795 karani wa balozi wa Uturuki mjini London, Mahmud Efendi, alitupa mshale mbele ya wapiga upinde wa Kiingereza, ukaenda yadi 415 ukikabili upepo, na yadi 482 ukifuata upepo. Waingereza wale, waliojivunia pinde zao ndefu za mti mmoja, walistaajabu sana.

Sasa yafaa kueleza ni kwa nini matabaka huleta faida. Upinde unapovutwa, upande wake wa nje, unaoitwa mgongo, hunyoshwa. Na upande wa ndani unaomwelekea mpigaji, unaoitwa tumbo, hukandamizwa. Baina ya hizo mbili upo mstari wa katikati usionyoshwa wala kukandamizwa, bali matabaka hapo hutaka kutelezeana. Basi katika upinde wa mti mmoja mbao ile ile hubebeshwa kazi zote tatu, hali ya kuwa ni nadra kuona mti mmoja uliojaliwa sifa zote. Katika upinde wa matabaka fundi huweka mgongoni kitu kisichokatika kwa kuvutwa, kama mwanzi. Tumboni huweka mbao ngumu isiyobonyea. Na katikati huweka mbao nyepesi iliyonyoka, kwa kuwa hapo taabu ni ndogo na uzito wa bure haufai.

Atakaye kuhakikisha kazi ya gundi na ajaribu hivi. Atwae fito mbili bapa zenye unene wa milimita 5 kila moja, azilaze moja juu ya nyingine bila gundi, kisha azipinde pamoja. Ataona ncha zake zimeachana kidogo, maana zimetelezeana, na ugumu wake ni ugumu wa ufito mmoja mara 2 tu. Kisha azitie gundi, azibane hata zikauke, azipinde tena. Sasa ncha hazitelezi, na ugumu umekuwa mara 8 ya ugumu wa ufito mmoja. Mbao ni zile zile wala hakuna kilichoongezwa ila gundi nyembamba kama karatasi. Lakini kule kuzuiliwa zisitelezeane ndiko kulikozipa nguvu mara 4 kuliko zilipokuwa zimelazwa tu.

Katika jaribio hilo mna kanuni ambayo fundi wa upinde hana budi kuishika maisha yake yote. Ukiongeza upana wa ufito mara 2, ugumu wake huongezeka mara 2. Lakini ukiongeza unene wake mara 2, ugumu huongezeka mara 8. Na kupunguza ni vivyo hivyo. Mkono wa upinde wenye unene wa milimita 10, ukikwaruzwa milimita 1 tu, umepoteza zaidi ya robo ya ugumu wake. Milimita 1 ni kitu ambacho mtu mwenye tezo hukiondoa kwa pigo moja bila kufikiri. Kwa hiyo pinde nyingi za wanafunzi huharibika kwa pigo moja lililozidi, mahali pamoja, karibu na mwisho wa kazi, hata kama mbao ilikuwa nzuri.

Katika kuchagua mbao, fundi wa Kasese au Bwera hana haja ya kupanda milimani kuiba mti. Ukanda wa mianzi wa Rwenzori umo ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1991, wala haufai kukatwa pasipo idhini. Mwanzi wa mgongo na utafutwe kwa mtu aliyeupanda shambani mwake, uwe umekomaa, mkavu, wenye ukuta mnene. Na asiyepata mwanzi aweza kutumia mbao ya dukani, maadamu nyuzi zake zakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Namna ya kujua ni kupasua kipande cha mabaki kwa shoka: ufa ukifuata urefu wa ubao, mbao hiyo yafaa, ufa ukikimbilia ukingoni, mbao hiyo itavunjika upindeni vivyo hivyo, hata ikipigwa randa na kung'aa namna gani. Mbao yenye kifundo isiwekwe mgongoni kabisa.

Ukavu nao ni jambo kubwa. Mbao mbichi hupinda ikabaki imepinda, na gundi haiishiki sawasawa. Nchi ya juu ina mvua mara mbili kwa mwaka, toka Machi hadi Mei na tena toka Agosti hadi Novemba, na mbao iliyohifadhiwa huko hunyonya unyevu. Uwanda wa Kasese una joto na ukavu zaidi. Fundi mwenye busara huzipasua fito zake mapema, huzipanga darini zikipitiwa na hewa, na kila wiki huupima ufito mmoja katika mizani. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki mbili au tatu, fito zimekauka kadiri hewa ya mahali pale inavyoruhusu.

Vipimo vya upinde wa mtu mzima anayejifunza vyaweza kuwa hivi. Kama mvuto wake ni sentimita 70, urefu wa upinde uwe sentimita 170. Katikati ziachwe sentimita 30 zisizopinda, kwa ajili ya mshiko na mteremko wake; hapo kila mkono wa upinde hubakiwa na sentimita 70 za kupinda. Upana wa mkono uwe milimita 38 karibu na mshiko, ukipungua kwa mstari ulionyoka hadi milimita 12 nchani. Tabaka la mgongo liwe na unene wa milimita 3 kila mahali. La tumbo milimita 4. Na la katikati lianze milimita 6 karibu na mshiko likapungue hadi milimita 3 nchani. Jumla yake ni milimita 13 kwenye shina na 10 nchani. Upinde wa namna hii, baada ya kusawazishwa, hutarajiwa kuwa na mvuto wa kilo 15 hadi 18 hivi, kwa kadiri ya mbao iliyotumika. Kwa kijana, upana upunguzwe kwanza kabla ya kuugusa unene, kwa kuwa upana hupunguza nguvu polepole, na kosa lake si la kuua upinde.

Hapa ndipo upinde wa matabaka unapotofautiana na wa mti mmoja katika jambo ambalo wengi hawalitambui. Mwenye upinde wa mti mmoja ana nyama nyingi ya kupunguza, naye husahihisha makosa yake akiendelea. Mwenye upinde wa matabaka ana milimita 4 tu za tumbo, na akizikwaruza zikaisha atakuwa ameifikia mbao laini ya katikati, na upinde umekwisha. Kwa hiyo kusawazisha kwake kwaanza kabla ya gundi, wakati anapoupiga randa ufito wa katikati. Ufito wa mkono wa juu na ufito wa mkono wa chini na itolewe katika ubao mmoja, ipigwe randa pamoja, ipimwe kila baada ya sentimita 10, na tofauti isizidi unene wa karatasi moja. Atakayefanya uvivu hapa hatapata nafasi ya kutubu baadaye.

Wakati wa kuunganisha, nyuso za fito ziwe zimekwaruzwa kidogo, safi, zisizo na mafuta wala jasho la mikono. Gundi ya ngozi iliyotumiwa na wazee ilikuwa na nguvu sana, lakini yaogopa unyevu. Gundi nyeupe ya maseremala yaweza kutumika, ila hulegea katika joto kali, na upinde wake haufai kuachwa juani wala ndani ya gari lililofungwa. Iliyo bora ni gundi ya kuchanganywa ya vichupa viwili. Fito zikishapakwa hulazwa juu ya kigogo kilichochongwa kwa namna ya kuzirudisha ncha nyuma, upande wa mgongo, kama sentimita 3 au 4. Upinde utabaki na umbo hilo gundi ikikauka, nao utaanza kufanya kazi mapema unapovutwa. Asiye na vibano vingi na akate mpira wa ndani wa baiskeli uwe utepe mrefu, auzungushe kwa nguvu toka katikati hadi ncha. Mpira hubana sawa kila mahali na gundi haiushiki. Kisha upinde uachwe usiku na mchana bila kuguswa.

Baada ya hayo kuja kazi yenyewe ya kusawazisha. Maana yake ni kuifanya mikono miwili ya upinde ipinde kwa mwendo mmoja na kwa umbo moja, pasiwe na mahali panapobeba zaidi ya kadiri yake wala panapolala bila kazi. Kwanza fundi huuegemeza mkono mmoja sakafuni na kuukandamiza kwa kiganja, akitazama unavyopinda. Kisha wa pili. Ikiwa hapo tu tofauti yaonekana, huirekebisha kabla ya kutia upote. Kisha huweka upote mrefu, uliolegea, na kuulaza mshiko juu ya gogo lililosimamishwa ukutani, lenye mikato kila baada ya sentimita 5. Upote huvutwa hadi mkato wa kwanza, na fundi husimama mbali, hatua tano au sita, atazame.

Kutazama huku kwahitaji utulivu. Macho hupenda kuona yanachotaka, na mtu mwenye hamu ya kupiga mshale jioni ile ile ataona mikono miwili imelingana hali haikulingana. Dawa yake ni kipande cha ubao mfupi ulionyoka, wa urefu wa sentimita 15, kinachotelezeshwa juu ya tumbo la upinde ukiwa umevutwa kidogo. Uwazi baina ya ubao na tumbo ukiwa sawa njia nzima, mpindo ni sawa. Uwazi ukipungua, mahali hapo ni pagumu mno. Ukiongezeka, mahali hapo ni padhaifu. Fundi hutia alama kwa kalamu ya risasi katika mahali pagumu tu, na hukwaruza hapo tu.

Kanuni ya pili ambayo haina budi kushikwa ndiyo hii: padhaifu hapaguswi. Mtu mgeni wa kazi hii, akiona mahali pamezidi kupinda, mkono wake humpeleka pale pale kwenda kuparekebisha, na kila akigusa huzidi kupadhoofisha. Hakuna mkwaruzo unaoweza kumrudishia mti unene uliokwisha kuondoka. Dawa ya mahali padhaifu ni kuondoa kidogo katika sehemu nyingine zote, upande huu na upande huu, na katika mkono wa pili pia, hata zote zishuke zilingane na pale. Gharama yake ni kwamba upinde utapungua nguvu: uliokusudiwa kuwa wa kilo 18 utakuwa wa kilo 15. Fundi mwenye kiburi huikataa hasara hiyo, akaubakiza upinde wa kilo 18 wenye mahali padhaifu, nao humvunjikia usoni. Fundi mwenye akili huikubali, akapata upinde wa kilo 15 utakaodumu miaka.

Kila baada ya kukwaruza, upinde uvutwe taratibu na kuachiwa taratibu mara 20 au 30, ndipo utazamwe tena, kwa sababu mti hauonyeshi badiliko lake papo hapo. Usivutwe kamwe kupita nguvu iliyokusudiwa. Ikiwa makusudio ni kilo 15, mizani ikifika kilo 15 simama hapo, hata kama mvuto ni sentimita 40 tu, ukwaruze, ndipo uendelee. Usiachwe umevutwa juu ya gogo wakati fundi anakwenda kunywa chai. Mkono wa chini uachwe uwe mgumu kidogo kuliko wa juu, tofauti ya milimita 3 hadi 5 baina ya upote na shina la kila mkono, kwa kuwa mshale hupita juu ya mshiko na vidole huvuta zaidi upande mmoja. Na marekebisho ya mwisho kabisa, palipobaki kidogo sana, yafanywe kwa kupunguza ubavuni badala ya tumboni, kwa kuwa ubavu husamehe makosa zaidi.

Zipo ishara za ugonjwa ambazo fundi huzichunguza kila siku. Mistari myembamba inayokata tumbo kwa upana ni alama kwamba mbao imebonyea. Kibanzi kinachoinuka mgongoni ni alama ya hatari, na upinde huo usivutwe tena hata ukaguliwe. Upinde ukishavuliwa upote ukabaki umeinama kuelekea tumboni, sentimita 2 au 3, ni alama kwamba tumbo limechoka, ama kwa unyevu ama kwa kuvutwa mno. Mgongo hautiwi tezo wala msasa mkali wakati wowote, kwani uzi mmoja ukikatwa pale, ufa umepata mlango.

Upote nao usidharauliwe. Uzi wa nailoni wa wavuvi hunyumbuka mno na hula nguvu ya upinde. Uzi wa katani au wa kitani ulio mzuri hufaa. Uzi wa polista wa washonaji wa viatu hufaa zaidi, kwa kuwa hauogopi maji. Usokotwe nyuzi nyingi, upakwe nta, na ukitiwa upindeni uwe mbali na mshiko kama sentimita 16.

Upinde wa kilo 16 ukivutwa sentimita 54 kupita hapo, huwa umeweka ndani yake nguvu iliyo sawa na kuinua jiwe la kilo 4 na kidogo hadi kimo cha mita 1. Mshale ukiwapo, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huondoka nao. Mshale usipokuwapo, nguvu yote hurudi katika mbao na gundi, na upinde waweza kupasuka pale pale. Kwa hiyo upinde hauachiwi mtupu, hata kwa mchezo, na mtoto afundishwe jambo hilo kabla ya kufundishwa kulenga. Mahali pa kulengea pawe na kilima cha udongo nyuma yake. Wote wasimame mstari mmoja. Wala asiende mtu kuchukua mishale hata pinde zote zimewekwa chini. Adabu hii si ya leo. Abu Musa amepokea amri ya Mtume kwamba mwenye mishale akipita msikitini au sokoni na azishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Na katika Sahihi ya Muslim, Ibn Umar amepokea kwamba amelaaniwa afanyaye kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Mwenye kupita na mishale katika soko la Mpondwe siku ya msongamano ataona hekima ya amri ya kwanza, na kijana anayemwona mjusi ukutani akumbuke ya pili.

Sasa swali lililoachwa mwanzoni lapaswa kujibiwa. Mbuga ya Queen Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952, na Hifadhi ya milima ya Rwenzori mwaka 1991. Sheria ya wanyamapori ya Uganda, iliyofanywa upya mwaka 2019, haimruhusu mtu kuwinda humo wala kuingia na silaha bila idhini. Kwa hiyo haijuzu kwa mtu mwaminifu kujitengenezea upinde kwa ajili ya nyama ya mbugani na kusema anahifadhi mila. Lakini yaliyowapata Waata yafaa kuwa somo. Tsavo ilipofanywa Mbuga ya Taifa mwaka 1948, uwindaji wao ukawa wizi mbele ya sheria. Na katika msako wa miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walifungwa, na pinde zao zikachukuliwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana kwa nia ya kuwapa kazi halali, lakini wengi wao hawakufaidika nao, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Ndovu walihitaji kulindwa, hilo halina shaka. Hata hivyo pamoja na uwindaji ulipotea pia ujuzi wa mafundi wake, kwa kuwa upinde haukuwa na kazi nyingine iliyokubaliwa na sheria. Wazee walikufa na elimu mikononi mwao, na wana wao hawakuwa na sababu ya kuuliza.

Waturuki waliiona njia nyingine. Bunduki ilipouondoa upinde vitani, wao walikuwa na uwanja wa Okmeydani mjini Istanbul, uliotengwa kwa ajili ya kutupa mishale tangu zama za Sultani Muhammad, mfunguzi wa mji ule mwaka 1453, na mawe yakasimamishwa kuonyesha mishale mirefu ilipoangukia. Upinde ukawa zoezi la mwili na adabu ya nafsi. Mwaka 2019 mchezo huo uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu. Haukudumu kwa kuwa na mawindo mengi, bali kwa kuwa na uwanja, na walimu, na vijana wenye ruhusa ya kuja.

Kasese na Bwera hazikosi uwanja wa mpira, wala maseremala wenye randa na tezo, wala vijana wenye mchana mrefu wa likizo. Seremala mmoja na vijana wanne waweza kuanza kwa fito zilizokaushwa tangu mvua za Machi zilipokwisha, wakautoa upinde wa kwanza kabla ya mwezi mmoja kupita. Upinde huo wa kwanza huenda ukavunjika, na wa pili ukawa dhaifu kuliko ulivyokusudiwa. Vipande vya ule uliovunjika visitupwe. Vitundikwe ukutani karakanani, ili kijana anayefuata avitazame, aone mahali palipokwaruzwa mno, naye asipaguse kwa haraka.

Mwenyezi Mungu aijalie mikono yao utulivu, na kazi yao iwe ya halali na ya manufaa. Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.